Si Bure, Ni Huria

Wiki ya kwanza nilibandika matangazo
kwenye milango ya lifti, jengo la Kilimo, Saskatoon:
Mfumo endeshi huria. Njoo ujaribu. Kahawa ipo.
Walikuja watu wanne.
Watatu walikunywa kahawa.
Wa nne alikuwa anatafuta choo.

Bwana Lefebvre, mkuu wa kitengo, akanivuta pembeni:
"Usiwaambie ni bure, Shekigenda.
Profesa akisikia bure anashika pochi."

Hakujua amegusa kidonda cha lugha yangu.
Kwetu bure ni kisicholipiwa,
na bure ni jasho lililopotea,
na mtu bure ni mtu wa hovyo:
zawadi na tusi ndani ya fuko moja.
Usiku nikalishika lile neno jingine,
huria,
nikaligeuza mdomoni kama karanga ya moto.
Tamu. Lakini nani atapanda ngazi
kwa ajili ya kivumishi?

Nikaacha kuhubiri.
Nikaenda ghorofa ya tatu na daftari,
mlango kwa mlango: nini kinakuudhi?
Tavleen, wa uzamivu, alicheka kwanza.
Leseni sita, wanafunzi kumi na mmoja,
tunapanga foleni kama watu wa bombani.
Mzee wa takwimu alisema amebakiza miaka miwili astaafu,
nimwache na madirisha yake.
Profesa Woroniuk hakusema kitu.
Alifunga mlango, taratibu,
kama mtu anayefunika chungu.

Februari, saa tano usiku, simu.
Leseni yako imekwisha muda,
skrini ilimwandikia, kwa adabu ya karani wa benki.
Ripoti ya wafadhili ni saa nne asubuhi.
Ndani mmefungiwa mizizi ya ngano,
vipimo vya miaka kumi na tisa,
na kampuni iliyouza kufuli imeuzwa,
na aliyeinunua hapokei simu.

Nilivaa makoti mawili, nikavuka daraja kwa miguu,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
kope zikigandana kila nikipepesa.
Sikumtajia uhuru hata mara moja.
Nilichomeka kijiti changu, nikawasha,
nikaanza kubembeleza mafaili.
La kwanza likafunguka. La pili likagoma.
Saa tisa alilala juu ya meza, viatu miguuni.
Kulipokucha tulikuwa na miaka kumi na saba.
Miwili haijapatikana hadi leo.

Aliamka, akatazama safu za namba,
akasema jambo nisilolitegemea:
babu yake hakukubali kununua mbegu kila msimu.
Alitenga gunia chini ya kitanda,
na wakati wa njaa walilala juu yake wakiwa na njaa.
Nikaona mahindi ya mama, Korogwe,
darini, meusi kwa moshi,
wala hapakuja karani kuyadai leseni.

"Na wa miaka ishirini ijayo," akauliza,
"akitaka kurudia hesabu yangu?"
Ataisoma yote, nikamwambia,
mpaka mstari wa mwisho wa msimbo.
Akikuta nimekosea atarekebisha,
na jina langu litabaki pale, na kosa lake.
Akafikiri kidogo.
"Utafiti usiorudiwa," akasema, "ni uvumi."

Sasa wapo tisa ghorofa ile.
Wananilalamikia kila siku, nami nafurahi:
hakuna anayelalamikia kitu asichokitumia.
Tavleen ameandika mwongozo wake mwenyewe.
Wangu ulikuwa sahihi zaidi.
Wake ndio unaosomwa.

Ila printa ya ukumbini imekataa katakata.
Machi hii nimelala chali sakafuni chini yake,
theluji dirishani, Profesa Woroniuk ameshika tochi,
ananiomba nirudie lile neno la kwetu.
Huria, nasema.
"Huriya," anajaribu,
na mashine inakohoa,
inatoa karatasi moja,
nyeupe.